Ushahidi wa Msasi

Suali ninalotaka kulijadili hapa aghalabu huulizwa maofisini wala si katika kurasa za watu wa mashairi, nalo ni hili: anayemuuliza msasi ameua nini, wapi na mara ngapi, anachukua dhamana gani juu ya jawabu atakalopewa? Kila serikali yenye misitu huuliza suali hilo kwa njia moja au nyengine. Huuliza kwa fomu, kwa daftari la wasasi, au kwa kijana aliyetumwa na idara akaketi barazani na kalamu yake huku wazee wakimtazama. Jawabu hugeuzwa tarakimu, tarakimu huingia katika ripoti, na kwa mtu asiyewahi kukanyaga msituni ripoti ndiyo huwa mnyama mwenyewe. Watu wa elimu ya viumbe huliita jambo hili utafiti. Mimi naliona pia kuwa ni jambo la maadili, na kwetu Unguja lina historia yake.

Tuanze na chui. Chui wa Unguja alitengwa na wenzake wa bara pale bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu na kukifanya kisiwa kuwa kisiwa. Mwaka 1932 Mwingereza R. I. Pocock alimtia katika vitabu vya elimu kwa jina la adersi, kwa kumkumbuka Daktari Aders, aliyekuwa mtaalamu wa viumbe katika serikali ya Kiingereza hapa Zanzibar. Alisifiwa kuwa ni mdogo kuliko chui wa bara na kwamba madoa yake ni madogo, mengi, yaliyokatikakatika. Sifa zote hizo ni sifa za ngozi. Wataalamu hawakuwahi kumchunguza akiwa hai porini. Walichokuwa nacho ni ngozi chache zilizohifadhiwa, na yule aliyejazwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Zanzibar, ambaye rangi yake imechujuka kwa miaka na mwanga.

Watu wa mashamba walikuwa na elimu yao juu yake, nayo ilikuwa nzito zaidi. Waliwagawa chui mafungu mawili: chui wa mwitu, na chui wa kufugwa, yaani yule mwenye bwana wake, ambaye hutumwa usiku kumtisha adui au kula mbuzi wa jirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni kubwa, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, iliyowasaka wachawi na chui kwa pamoja, kama kwamba ni kitu kimoja. Hasira za watu zilipopoa, kazi ya kuwaua chui ilibaki mikononi mwa wasasi walioungwa mkono na Serikali, ambao waliwasaka pamoja na nguruwe mwitu na waharibifu wengine wa mazao. Na kwa kuwa kazi ilikuwa na baraka za Serikali, ilikuwa na hesabu.

Hapo ndipo pana jambo la kustaajabisha. Takwimu za Serikali zinaonesha chui wakiendelea kuuawa Unguja hadi katikati ya miaka ya 1990. Lakini watafiti waliokwenda kumtafuta porini hawakurudi na ushahidi wa chui aliye hai uliowaridhisha wenzao, na kamera zilizotegwa katika msitu wa Jozani mwaka 2003 zilipiga picha za wanyama wadogo wala nyama wala zisipige picha ya chui hata mmoja. Daftari, basi, lilimjua chui pale tu alipokufa. Msasi alipoleta mzoga, neno lake lilikubaliwa na kuandikwa. Mwanakijiji aliposema jana nimemuona akivuka njia, neno lake liliitwa imani za watu. Ukilifikiri sana jambo hili utaona kuwa lina kichekesho cha huzuni ndani yake. Mzoga hauthibitishi kwamba mnyama yupo. Unathibitisha kwamba alikuwapo hadi saa ile, na kwamba sasa amepungua mmoja.

(Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni kilionesha picha ya usiku iliyosemwa kuwa ni ya chui wa Unguja. Mabishano hayakwisha, na sioni kwamba yatakwishwa na picha moja.)

Mwaka 1997 Martin Walsh na Helle Goldman waliandika ripoti kwa ajili ya kamisheni ya maliasili ya Zanzibar juu ya mila na imani zinazomhatarisha chui huyu. Kazi yao na zile walizoandika baadaye zinafaa kusomwa na kila mwenye kupenda maneno, kwa sababu zinadhihirisha namna suali moja linavyoweza kuwa mawili. Mtafiti anauliza: umewahi kumuona chui? Yeye anataka kujua habari ya mnyama. Lakini aliyeulizwa, anayeishi katika kijiji ambamo chui ana mwenyewe, anasikia suali jengine kabisa: unamjua nani anayefuga? Akisema nimemuona, amekwisha kumtia jirani yake katika mashaka. Akisema sijamuona, amejisitiri na kuwasitiri wengine. Na yuko wa tatu, mwerevu, ambaye husema: nitakuonesha, lakini mwenyewe anataka chochote. Katika majawabu hayo matatu, lipi linahesabika? Mtafiti anaweza kuyaandika yote katika safu moja na kuyatolea wastani, na hesabu itatoka sahihi kwa kanuni za hesabu, ilhali haina habari ya chui ndani yake. Ina habari za ujirani.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayotusaidia hapa: kushuhudia na kukiri. Anayeshuhudia husema aliyoyaona kwa mwengine. Anayekiri husema aliyoyatenda mwenyewe. Makadhi wa pwani hii waliyatenga mambo haya kwa makini, na wakafundisha kwamba kukiri kwa mtu ni hoja juu yake mwenyewe tu, hakumfungi asiyekiri. Sasa, uchunguzi wa usasi ni kitu gani kati ya viwili hivi? Kwa umbo unafanana na ushahidi: tuambie msitu una nini. Kwa maana ni kukiri: tuambie umeua nini. Na kwa kuwa usasi wa Unguja ni kazi ya kundi, ya watu na mbwa na nyavu, anayekiri kwa nafsi yake amewakiria na wenzake bila ya wao kujua.

Mambo hayako hivyo kila mahali, na ni vyema tutazame kwengine ili tuone tafauti inatoka wapi. Huko Marekani elimu ya wanyamapori ya majimbo imejengwa juu ya neno la mwindaji tangu zamani. Aldo Leopold, aliyekuja kuwa mwalimu wa elimu hiyo, alizunguka majimbo ya kaskazini ya kati kuchunguza wanyama wa kuwindwa, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1931. Waliolipia kazi ile walikuwa ni umoja wa watengenezaji wa bunduki na risasi. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria ya kupeleka kodi ya bunduki na risasi kwa majimbo, kwa ajili ya kuwatunza na kuwachunguza wanyama, kwa sharti kwamba jimbo lisizitumie ada za leseni za uwindaji kwa kazi nyengine. Hadi leo wawindaji wa mabata huombwa watume kwa posta bawa la kila ndege waliyemuua. Kila mwaka wataalamu hukusanyika mezani, mbele yao marundo ya mabawa katika bahasha, wakisoma katika manyoya aina ya ndege, dume au jike, mkubwa au mchanga. Katika uwiano wa wachanga kwa wakubwa hupima kama mwaka ule ndege walizaa vizuri.

Mtu anaweza kuchukizwa na picha hiyo, ya elimu inayolipwa na risasi na kusomwa katika mabawa yaliyokatwa. Mimi pia haijanikaa vizuri. Lakini ina jambo moja ambalo sisi hatuna: mwindaji yule anaweza kusema kweli bila ya kuumia. Ana leseni, msimu wake unajulikana, idadi aliyoruhusiwa imeandikwa. Anapotia bawa katika bahasha hakiri kosa lolote. Sisemi kwamba yeye ni mkweli kuliko msasi wa Mtende au wa Kiwengwa. Nasema amewekewa mahali ambapo ukweli haumgharimu kitu, na kutokana na hali hiyo dola yake inajua mambo ambayo dola nyengine hulazimika kuyabahatisha.

Kwetu mambo yanabana zaidi kwa sababu ya paa nunga. Huyu ni paa mdogo, mwekundu, mwenye mstari mweupe matakoni, anayekaa katika misitu minene ya maweni. Naye pia amepewa jina la Aders, mwaka 1918. Makadirio yaliyofanywa mwaka 1983 yalisema wapo kama 5,000 Unguja. Katikati ya miaka ya 1990 ikasemwa wapo 2,000 hivi. Hesabu ya 1999 ikatoa mia sita na kitu. Njia za kuhesabu hazikuwa moja, kwa hivyo mtu asizisome namba hizo kana kwamba ni ngazi za nyumba moja. Hata hivyo hakuna aliyezitazama akasema kwamba paa nunga anaongezeka. Baadhi yao walipelekwa kisiwa cha Chumbe wakazaliane mbali na mbwa na nyavu. Kuni, mkaa na mashamba viliupunguza msitu, na usasi ukampunguza paa ndani ya msitu uliobaki.

Tuseme, basi, kijana wa idara amefika kijijini. Amemwambia msasi: nieleze, hutadhurika. Msasi akamwamini, akamweleza kwamba msimu huu kundi lao limeua paa nunga wanne, na akamtajia bonde. Miezi sita baadaye mkuu wa ofisi anayataka majina. Ana hoja, tena si hoja dhaifu. Mnyama anakwisha. Sheria ipo. Ahadi aliyoitoa kijana haikuwa yake kuitoa. Na juu ya yote, paa hakuwamo katika mapatano yale: watu wawili wamekubaliana kusitiriana juu ya damu ya wa tatu asiyeulizwa. Katika ngano zetu paa husema. Yule wa kisa cha Sultani Darai, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, alinunuliwa kwa thumni na maskini mmoja, akamtajirisha kwa maneno yake na akili zake. Kisha alipougua bwana wake akamdharau mpaka akafa. Wasikilizaji wa kisa kile hawakuhitaji kuambiwa nani mwenye haki. Lakini katika hojaji ya idara paa hana nafasi ya kujaza. Nani atamsemea?

Nimeitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu, na bado naona kwamba ahadi itimizwe. Wengine hutoa sababu ya manufaa: ukimkamata mmoja kwa neno lake, msimu ujao hakuna atakayekueleza kitu, au watakueleza wote kwa pamoja kwamba tangu mwaka jana hawajawahi kuona hata unyoya. Hiyo ni kweli, na idara itabaki kipofu. Lakini hata kama isingekuwa kweli, hata kama ingewezekana kumkamata kwa siri asijue mtu, bado lingekuwa ni kosa. Mtu yule aliitwa shahidi. Alisema kwa sababu aliitwa shahidi. Kumgeuza mtuhumiwa baada ya kusema ni kumwambia kwamba pale barazani hakuwa akizungumza na mtu, alikuwa akizungumza na mtego. Na mtego uliotegewa mtu kwa maneno mazuri sioni unatafautianaje na ule aliotegewa paa kwa tanzi.

Na paa? Haki ya paa ilikuwa juu ya anayeuliza tangu mwanzo. Kulikuwa na njia nyengine za kujua: kutembea msituni kwa mstari alfajiri na kuhesabu, kutafuta kinyesi na nyayo, kutega kamera. Zote zinachosha, na zote zinahitaji fedha, watu na miguu yenye subira. Neno la msasi ni rahisi, na ofisi hulipenda kwa urahisi wake. Ofisi iliyochagua rahisi isije ikaidai bei ya ghali kwa yule aliyeisaidia. Zaidi ya hayo, jina la msasi halihitajiki ili bonde lifungwe msimu mmoja au miwili. Inatosha kujua kwamba katika bonde lile wameuawa wanne. Kile ambacho sina namna ya kukitetea ni ahadi inayotolewa na mtu asiyekuwa na uwezo wa kuitimiza. Kijana yule alipaswa kusema kabla ya kufungua daftari: hili litasomwa na fulani na fulani, na hili siwezi kulizuia. Huenda msasi angenyamaza. Basi na anyamaze.

Kuna wakati ambapo sheria yenyewe ndiyo inayougeuza ushahidi kuwa kukiri, bila ya mtu yeyote kuvunja ahadi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa Waboni wa misitu iliyo nyuma ya Lamu, wanaojiita Aweer, watu walioishi kwa upinde na asali, ilikuwa ni kana kwamba wamelala mashahidi wakaamka wakosaji. Walilolijua jana kama elimu likawa leo ni ungamo la kosa. Na ni katika misitu hiyo hiyo, ya Boni na Dodori, ambako picha za kamera zilithibitisha kundi jengine la paa nunga, na habari ikachapishwa katika majarida ya wataalamu mwaka 2011. Iliitwa habari mpya. Mpya kwa nani, msomaji atajaza mwenyewe.

Wasomaji wa tenzi wanawajua watu hawa kwa njia nyengine. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, aliouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mtawala wa Pate anamuogopa Liyongo, na anawatumia watu wa msituni kutaka kichwa chake kwa fedha. Wanakwenda, wanamkuta, wanakula naye kikoa, kila mmoja kwa zamu yake akipanda mkoma kuangusha matunda, wakingojea zamu ya Liyongo ili wampige mishale akiwa juu. Yeye hapandi, anayaangusha makoma kwa mishale yake kutoka chini, nao wanarudi mikono mitupu. Mimi huisoma sehemu ile na kuiona dola ikiwaajiri watu wa msituni kwa sharti lile lile la daftari: leteni mwili. Khabari ya Liyongo aliye hai, anakula nini, anapita wapi, ana tabia gani, walikuwa nayo tele, na hakuna aliyeitaka isipokuwa kwa ajili ya kumuua.

Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, idara ya maliasili huwaomba wawindaji wa upinde jambo ambalo kwa uchunguzi wa usasi ni geni kidogo. Wanaombwa waandike saa walizokaa msituni na wanyama wote waliowaona, wakiwamo wale ambao hawakuwapiga. Mtu akikaa saa tatu juu ya mti, akaona kulungu wawili na paka mwitu mmoja, akarudi nyumbani bila ya kitu, siku yake haikupotea. Imeingia katika hesabu. Karatasi ile haimuulizi ameua nini. Inamuuliza ameona nini, na kwa kubadili tendo moja tu la kisarufi, mwindaji anarudi kuwa shahidi.

Kwetu mambo ya namna hiyo yangewezekana bila ya gharama kubwa. Wasasi wa maweni wanajua mapito ya paa nunga kuliko kamera yoyote, na si kila walichokiona walikipiga. Wapo waliomuona jike na mtoto wake kwenye ukingo wa kichaka, wakawashika mbwa shingoni mpaka wawili wale wakapita, kisha wakaendelea na safari yao. Daftari la waliouawa halina safu ya kuliandika hilo, na msasi akirudi jioni akaulizwa amepata nini, hujibu kwamba leo hakupata kitu.